Wara ya Wayoruba inanishinda: mara chenga, mara chungu, mara haigandi kabisa

SWALI: Shikamoo mama. Hapa mtaani kwetu Kigamboni tuna jirani Mnigeria, Myoruba wa Ilorin. Sikukuu ya Idi alituletea sahani ya vipande vya jibini vilivyokaangwa na pilipili, akasema kwao inaitwa wara. Tangu siku hiyo watoto hawanipi raha. Nimejaribu mara tatu. Ya kwanza nilitumia maziwa ya boksi, yale yasiyohitaji friji, nikakamulia limau: zikatoka chenga kama pumba. Ya pili nilinunua maziwa mabichi lita tatu, jirani akanionyesha mti wenye majani mapana yanayotoa utomvu mweupe. Nikatwanga majani kumi na kitu, nikatia, nikafunika, nikaacha saa mbili kama mtindi. Ikaganda laini kama uji mzito, lakini chungu, hata paka aliikimbia. Ya tatu nikaogopa, nikachemsha maziwa kwanza mpaka yakatokota, ndipo nikatia maji ya majani. Hayakuganda. Nakosea wapi? Na ule mti, bibi yangu anasema ni sumu. Ni kweli? Nikiweza, ningependa hata kuwauzia watu. (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua nyingi zinazonifikia ni za mtindi unaovutika kama ute, au samli iliyoshika harufu ya moshi. Ya wara ni ya kwanza, na ni jibini ninayoipenda tangu siku nilipoiona ikipikwa kwao. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, uniwie radhi.

Bibi yako hajakosea. Jirani yako naye hajakosea. Hilo la sumu nitalifikia, lakini tuanze na sufuria, kwa sababu kosa lako ni moja tu limejitokeza kwa sura tofauti. Umeyapa majani na limau uzito mkubwa, na moto ukauona ni kitu cha kupashia tu. Wara ni kazi ya moto. Jani hufanya kazi maziwa yakiwa ya moto bila kuchemka, kisha mchemko unakuja kulizima jani na kukaza kilichoganda. Jaribio lako la pili halikuwa na mchemko mwishoni. La tatu lilianza na mchemko. Ungeyaunganisha hayo mawili ungekuwa umekula wara siku nyingi.

Nikueleze kinachotokea humo ndani. Maziwa yana vidonge vidogo mno vya protini iitwayo kaseini, vinaelea visishikane, kwa sababu kila kimoja kimevaa kitu kama manyoya. Manyoya hayo yanavisukuma visigusane. Renneti, ile dawa ya kugandishia inayotolewa kwenye tumbo la ndama, ina adabu: inanyoa manyoya mahali pamoja tu, inaishia hapo, vidonge vinakosa kinga na kukumbatiana. Hapo maziwa yanakuwa bonge moja la kutikisika. Maji ya jani la yule mti nayo yana vimeng'enya (enzaimu) vinavyonyoa, ila havina adabu hiyo. Vikimaliza manyoya vinaingia ndani ya kidonge chenyewe na kuendelea kukata, hapa na pale, mradi vina joto na muda.

Wewe mtu wa Pwani unalijua jambo hili kwa nyama. Ukimpata kuku wa kienyeji mzee au nyama ya ng'ombe ngumu unapaka papai bichi. Nusu saa, nyama inalainika. Ukisahau mpaka kesho, nje inakuwa uji, hailiwi. Ni ukoo uleule wa vimeng'enya, vinakata protini bila kujua pa kuishia. Na protini ya maziwa ikikatwakatwa vipande vidogo sana, vipande hivyo ni vichungu ulimini. Kwa hiyo ule uchungu ulioukuta mara ya pili haukutoka wote kwenye jani. Mwingine uliutengeneza mwenyewe kwa zile saa mbili za kusubiri, na majani kumi na kitu kwa lita tatu yakakusaidia kuuharakisha. Mtindi husubiriwa kwa sababu bakteria wanahitaji kuzaana. Wara haina mtu wa kumsubiri.

Jaribio la tatu ni rahisi zaidi kulieleza. Kimeng'enya cha namna hii ni protini, na kikipikwa kinakufa kama ute wa yai unavyokufa ukawa mweupe. Renneti ya ndama hupenda nyuzi 32 hadi 40, joto la mwili wa mnyama, na ukiipeleka nyuzi 60 na kitu haina kazi tena. Kimeng'enya cha jani hili ni kigumu kuliko renneti: nyuzi 60 kinafanya kazi vizuri, hata ukikaribia 70 bado kinakata. Hiyo ndiyo siri yote ya wara. Mama wa Kifulani, wale wafugaji wanaowagandishia Wayoruba wara, anaweza kuacha sufuria motoni, jani likafanya kazi ndani ya joto ambalo renneti ingekuwa imeshakufa. Lakini maziwa yanayotokota yako nyuzi 100 na kidogo. Ulipomimina maji ya majani humo, yalikufa kabla hayajanyoa chochote, ukabaki na maziwa ya kijani.

Sasa lile la boksi. Maziwa yale hupitishwa kwenye moto wa nyuzi 135 hadi 140 kwa sekunde chache, ndiyo maana yanakaa miezi bila friji. Katika moto huo, protini nyingine za maziwa, zile ambazo kwa kawaida hubaki kwenye maji ya jibini, huenda kuganda juu ya yale manyoya ya kaseini. Wembe unafika, unakuta manyoya yamefunikwa. Kwa hiyo kwa renneti au kwa jani maziwa ya boksi hayakupi bonge la maana, usijilaumu. Limau linayakata, kwa sababu limau halinyoi. Limau ni asidi, linavuruga chaji zinazovifanya vidonge visukumane. Ila bonge lake ni dhaifu, linabomoka kuwa chenga, hasa ukitia limau lote kwa mkupuo na kukoroga kama unayekoroga uji. Chenga zako zilikuwa halali kabisa. Tia chumvi na giligilani, jaza kwenye sambusa. Kuzikaanga vipande, sahau.

Nilikwenda Ilorin mara moja, miaka mingi iliyopita, kwa mafunzo ya wiki chache ya usindikaji maziwa. Mji ule ni mahali pazuri pa kuielewa wara. Ni mji wa Wayoruba unaotawaliwa na emiri, mtawala wa Kiislamu, tangu karne ya 19, Wafulani walipoingia na kuuunganisha na utawala wa Sokoto, na mpaka leo pembezoni mwake kuna makazi ya wafugaji wa Kifulani ambayo Wayoruba huyaita gaa. Kusini zaidi, kuelekea misitu ya Lagos, mbung'o waliwazuia kwa muda mrefu ng'ombe wenye nundu kukaa. Kaskazini ya nchi ya Wayoruba, Ilorin, Ogbomoso, Iseyin, Saki, ni mbuga, na ng'ombe weupe wa Kifulani wanaishi. Hivyo wara ikawa chakula cha majirani wawili: Mfulani anakamua na kugandisha, Myoruba ananunua, anakaanga, anatia kwenye mchuzi. (Usidhani Jimbo la Kwara limepata jina kwenye wara. Kwara ni jina la Kihausa la Mto Niger.) Wayoruba wenyewe hutumia neno wàrà kwa maziwa pia, kwenye Biblia yao nchi ijaayo maziwa na asali hujaa wàrà na asali. Ukivuka mpaka kwenda Benin, Togo na Ghana, jibini hiyohiyo utaisikia ikiitwa wagashi, na kaskazini mwa Benin huchemshwa pamoja na maganda ya mashina ya mtama wa rangi mpaka nje ikawa nyekundu kama matofali. Mzungu akiiona sokoni anadhani ni jibini ya Kiholanzi.

Asubuhi moja tulipelekwa kwenye gaa. Mama mwenye sufuria hakuwa na Kiingereza nami sina Kifulani wala Kiyoruba, kwa hiyo alichonifundisha nilikisoma mikononi mwake. Sufuria ya alumini, mawe matatu, kuni mbili tu, zilizovutwa nje kidogo ili moto usiwe na haraka. Maziwa yalikamuliwa alfajiri ileile. Alikuwa akichovya kidole kidogo, anahesabu moyoni, anakitoa. Mwanzoni kidole kilikaa muda mrefu, baadaye kikawa kinagusa na kuruka. Kilipoanza kuruka ndipo alipochukua majani. Yalikuwa machache, yameoshwa, ameyaponda kwa mkono ndani ya kibuyu chenye maziwa kidogo yaliyochotwa kwenye sufuria ileile. Akachuja kwa kitambaa, akamimina, akakoroga mizunguko isiyozidi mitano. Kisha akakaa. Hakugusa tena mwiko.

Mimi niliyezoea mitambo nilikuwa nikitazama saa. Yeye alitazama ukingo wa sufuria. Baada ya kitambo uso wa maziwa ukaanza kutetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, ukapasuka ufa pembeni, na kwenye ufa ukaonekana maji ya kijani-njano, maangavu. Hapo akasukuma kuni ndani. Moto ukapanda, mabonge yakapanda juu na kushuka, maji yakazidi kuwa maangavu, na harufu ikabadilika kutoka ya majani mabichi kuwa ya maziwa yaliyochemka. Akaacha yachemke robo saa hivi. Akachota mabonge kwa upawa, akayajaza kwenye vikapu vidogo vya ukindu vya ukubwa wa bakuli la uji, bila kukandamiza. Uzito wa jibini yenyewe ndio uliokamua maji. Alipovigeuza vikapu, kila bonge lilikuwa na alama za ususi ubavuni. Akaligonga moja kwa kidole, likatikisika lote kwa pamoja, akacheka.

Ule mchemko wa mwisho unafanya mambo matatu kwa mpigo. Unakiua kimeng'enya, kwa hiyo uchungu hauendelei kukua ndani ya jibini. Unazigandisha na zile protini nyingine ambazo kwenye jibini za Kizungu hupotea na maji, zinanaswa humo humo. Ndiyo maana lita tano za maziwa mazuri hutoa karibu kilo moja ya wara. Na unazifunga protini namna ambayo haziachani tena kwa joto. Ndiyo sababu sahani ya jirani yako ilikuwa na vipande vyenye kona nne badala ya ziwa la jibini iliyoyeyuka: wara ikiingia kwenye mafuta inakaangika kama nyama, inashika rangi, ndani inabaki laini.

Sasa bibi yako.

Mti wenyewe Wayoruba huuita bomubomu, Wahausa tumfafiya, kwa jina la kisayansi Calotropis procera. Hapa kwetu wapo wanaouita mpamba mwitu, kwa sababu ya tunda lake lililovimba kama mfuko, ambalo likikauka linapasuka na kutoa nyuzi nyeupe. Maua meupe yenye zambarau, majani mapana ya kijivu-kijani kama yamepakwa vumbi. Hupenda sehemu kavu, kandokando ya barabara na viwanja vilivyoachwa. Utomvu wake una sumu za moyo, kemikali zinazovuruga mapigo. Vipepeo wale wa rangi ya machungwa wenye ncha nyeusi unaowaona kote Pwani hutaga mayai kwenye mimea ya ukoo huu. Viwavi wanakula jani, wanajikusanyia sumu, na ndege akimwonja kipepeo mmoja anatapika na kukoma. Kwa hiyo bibi yako anajua anachosema. Na zaidi ya tumbo, ogopa macho: utomvu ukiingia jichoni unaharibu kioo cha mbele cha jicho, watu wamepoteza kuona vizuri kwa siku nyingi kwa kujifikicha tu baada ya kuchuma.

Mbona basi Wafulani na Wayoruba wanakula na wanazeeka? Kwa sababu wanatumia kidogo sana, na mkono unaopima ulifundishwa na mama, naye na mama yake. Wewe ulitia majani kumi na kitu. Uchungu ule ulikuwa fadhila: ulikuzuia kula. Nashukuru paka aliikimbia.

Kwa hiyo kiasi cha jani sitakuandikia, mwanangu, hata ukiniandikia barua ya pili. Jani changa na jani kuukuu hazilingani nguvu, la kiangazi na la masika hazilingani, na mimi siwezi kuliona lako kutoka hapa nilipo. Kama unataka wara ya jani, mwite jirani yako jikoni, achume yeye, aponde yeye, wewe tazama mikono kama nilivyotazama mimi. La kando ya barabara kuu usiliguse hata yeye akikubali, vumbi na moshi wa magari hauoshwi kwa maji ya bomba. Na tafadhali sana, kusije kukatokea mtu nyumbani akasema utomvu ni utomvu, akakuletea mnyaa. Mnyaa ni jambo jingine kabisa, huo unababua ngozi na kupofusha, hauhusiani na jibini ya mtu yeyote. Mjamzito, mtu wa ugonjwa wa moyo na mtoto mdogo, hao nisingewapa wara ya jani hata ikipikwa na bingwa.

Habari njema ni kwamba unaweza kuupata mwili wa wara bila mti ule. Kuna njia mbili, na mimi napenda ya pili.

Ya kwanza ni limau, nayo hata Nigeria kwenyewe mijini watu wengi wanaitumia sasa, au siki. Maziwa yawe mabichi ya siku hiyo, si ya boksi. Yapashe mpaka yaanze kupanda, yaache yapande na kushuka mara moja au mbili, kisha zima moto. Hesabu mia polepole. Halafu limau, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, vilivyochanganywa na maji kiasi hichohicho. Nyunyiza kidogo, zungusha mwiko mara moja, subiri, nyunyiza tena. Mabonge yakitokea na maji yakawa maangavu, acha hapo hata kama limau limebaki kwenye kikombe. Ukizidisha, jibini inakuwa chachu na inakauka. Acha itulie dakika kumi kabla ya kuchota. Utakachopata kitafanana zaidi na paneri, jibini ya Wahindi wa Upanga, kuliko wara, lakini kinakaangika na watoto hawatalalamika.

Ya pili ni kuiga kazi ya jani kwa renneti. Vidonge au matone yake hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maziwa; kipimo fuata cha kwenye pakiti, maana nguvu hazifanani. Pasha maziwa mpaka nyuzi 35, yaani tone ukiliweka ndani ya kifundo cha mkono hulisikii baridi wala moto. Tia renneti iliyoyeyushwa kwenye maji baridi yaliyochemshwa, koroga nusu dakika, funika, usiguse kwa dakika 40. Ikate kwa kisu kirefu, miraba ya ukubwa wa kete ya dadu. Sasa ndipo uwe yule mama wa gaa: moto mdogo, mdogo sana, sogeza mwiko taratibu chini ili isishike, acha joto lipande kwa zaidi ya nusu saa mpaka ifike kwenye kutokota, kisha ichemke dakika kumi. Utaziona kete zinajikunja, zinashikana, zinaanza kulia kwenye meno ukionja. Ni tamu ya maziwa, haina uchachu wala uchungu. Jirani yako ataitambua.

Kikapu cha ukindu huna, najua. Tumia kung'uto kama nyumbani kuna mtu bado anachujia tui kwa njia za zamani, au chujio la plastiki lililotandikwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa. Usikamue kwa mkono. Nimewaona wasichana wa mafunzo wakiikamua jibini kama nguo, halafu wanashangaa imekuwa kavu kama sabuni ya mche.

Kuhusu maziwa yenyewe. Muuzaji wako unamwamini? Maziwa yaliyotiwa maji yanaganda kidogo na kwa shida. Kipimamaziwa kinasoma 1.028 hadi 1.032 kwa maziwa halali, chini ya hapo kuna mkono wa mtu. Ya ng'ombe aliyezaa juzi bado yana dang'a, yanaganda yenyewe ukiyapasha, usiyatumie. Ya jana jioni yaliyoanza kuchachuka yatakatika kabla hujawa tayari. Jaribio ni dogo: chemsha kijiko kimoja juu ya mshumaa. Kikikatika, hayo ni ya mtindi.

Uzuri wa wara ni kwamba maziwa mabichi yanachemka mwishoni, kwa hiyo magonjwa ya maziwa mabichi kama brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hayana nafasi. Hatari inaanza baada ya hapo. Wara haina chumvi, ina maji mengi, haina asidi ya kuilinda. Mkono mmoja usiooshwa unatosha. Kwao huuzwa ikielea kwenye maji yake, mama ameibeba kichwani, na kwa joto la nyuzi 30 na kitu haifiki siku tatu ikiwa salama. Wanaorefusha siku huichemsha upya kila siku. Mimi niliwahi kuacha lita 20 nzima zilizogeuka jibini kwenye ndoo usiku kucha, eti asubuhi nitakaanga zote. Asubuhi ndoo ilikuwa inaimba. Weka kwenye friji siku hiyohiyo, ndani ya maji yaliyochemshwa na kupoa yenye chumvi kidogo, na uile ndani ya siku tatu au nne. Ile ya limau au renneti, maji yake yakandie chapati, utaona zinavyolainika. Maji ya wara ya jani mimi simwagii hata kuku.

Kuuza: ya limau au renneti, kwa nini usiuze? Anza kuuliza Bodi ya Maziwa na TBS (shirika la viwango) wanataka nini kabla hujanunua sufuria kubwa. Ya jani usiuze. Kwa Wayoruba mnunuzi na muuzaji wanajuana, na wote wawili wanalijua jani. Hapa mnunuzi wako hajui anachokula, na wewe huna namna ya kupima kilichobaki ndani.

Ukiwa na mteja asiyekunywa maziwa, au anafunga Kwaresima, mwulize jirani habari za beske. Ni wara ya soya: soya inalowekwa usiku, inasagwa, inachujwa, inachemshwa sawasawa, halafu inagandishwa kwa yale maji machachu yanayobaki juu ya ogi, mahindi yao ya uji yaliyolowekwa na kusagwa. Kwetu mwenye kutengeneza uji wa kuchachusha anayo maji hayo kila siku na anayamwaga.

Jaribio la nne fanya na lita mbili tu, asubuhi, simu ukiwa umeiacha chumbani. Kata vipande vya unene wa vidole viwili, vikaushe kwa kitambaa, maana vikiwa na maji mafuta yatakurukia. Kaanga kwa mafuta ya karanga mpaka pande zote ziwe hudhurungi, chumvi na pilipili ya kusaga juu vikiwa bado vinachemka. Na bakisha vichache visivyokaangwa, uvitie kwenye mchicha wa nazi dakika tano kabla ya kuepua. Wayoruba hutia kwenye efo, mboga yao ya majani, mahali pa nyama. Wa nazi hawajui, hiyo mpelekee jirani bakuli.